Taa ya Mama Mkwe

Katika safu nzima ya vyumba vya nyumba ile ya Kaloleni, ni Kaanaeli peke yake aliyekuwa na taa ya umeme, na taa yenyewe ilikuwa moja. Ilining'inia katikati ya chumba cha mbele chini ya kofia nyeupe ya bati, na swichi yake nyeusi ya duara ilikuwa ukutani, kando ya mlango. Kila jioni Kaanaeli aliporudi kutoka ghala la kahawa, alikokuwa karani, alitundika kofia yake, akafuta vidole kwenye suruali, ndipo akabonyeza. Tak! Chumba kikajaa mwanga hadi pembeni. Hakuwahi kuiwasha kwa pupa. Jambo la heshima halifanywi mbio.

Majirani walimjia na barua zao awasomee chini ya taa ile. Lerionka, Mwarusha aliyekuwa akitengeneza baiskeli kule Ngarenaro na aliyepanga chumba cha jirani, alikuja hata bila barua. Alibeba kigoda chake mwenyewe, akidai kwamba viti vya Wameru vina kunguni wa migombani.

Chumba cha nyuma, alikolala Kaanaeli na mkewe Tabea, hakikuwa na taa. Huko walitumia koroboi, ile taa ya kopo na utambi inayotoa moshi mwingi kuliko mwanga. Kaanaeli hakuona neno. Chumba cha kulala ni cha kulala. Kisha, katikati ya masika, miaka michache baada ya Malkia kutawazwa kule Uingereza, shida ilishuka kutoka kwenye lori, imejifunga kanga mbili na kukumbatia kuku mwekundu. Ilikuwa ni mama yake Tabea.

Watu walimwita Mama Ndesanjo, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kwao, milimani juu ya Kikatiti, alikuwa mkunga, na nusu ya watoto waliokuwa wakiimba katika kwaya ya usharika walikuwa wamepita mikononi mwake. Alikuwa mjane mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Tabea alikuwa na mimba ya kwanza, siku zake zilikuwa zimekaribia, na mama alikuja kumpokea mjukuu. Yule kuku alikuwa wa supu ya mzazi.

Siku zile, mkwe na mama mkwe walikaa kwa adabu kali. Hawakutazamana usoni. Hawakula chumba kimoja. Hawakutajana majina, wala kusemezana ana kwa ana. Mmoja akiingia kwa mlango wa mbele, mwingine hutokea wa nyuma. Basi Kaanaeli alihamishia mkeka wake chumba cha mbele, akawaachia wanawake chumba cha nyuma, na kati ya vyumba viwili Tabea akatundika pazia zito. Kwa mtu mwingine jambo lingeishia hapo. Lakini Mama Ndesanjo alikuwa na la kusema saa zote, na kwa kuwa hakuruhusiwa kumwambia mkwewe, alimwambia kuku.

"Wewe kuku," alisema jioni ya kwanza kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti iliyomfikia hata Lerionka chumbani kwake, "unaona mambo? Wenzetu kule mbele wamekaa juani. Sisi huku tumekaa tumboni mwa nyoka."

Kuku hakujibu. Kaanaeli aliitazama taa yake, akaona haya. Akakigeukia kiti kilichokuwa mbele yake.

"Wewe kiti," alisema kwa heshima, "pengine hawajui kwamba koroboi ile niliitia utambi mpya jana."

"Kuku wangu, utambi mpya unatoa moshi mpya. Mwambie anayetaka kusikia kwamba macho yangu haya si yale ya zamani. Mchana natunga uzi kwenye sindano. Jua likizama naona vivuli tu. Mtoto akija usiku, nimpokee kwa kupapasa, kama anayetafuta kiazi majivuni?"

Tabea alicheka, kisha akajishika tumbo. "Mama, usinichekeshe, atatoka kabla ya siku zake."

"Siongei na wewe, naongea na kuku. Kuku, sikiliza vizuri. Jumamosi kuna lori la kwenda Moshi. Litatushusha Kikatiti, mimi na binti yangu, tupande mlima taratibu mpaka kwangu. Kwangu nitaazima karabai ya usharika. Karabai ile ikiwashwa, hata chungu anayepita ukutani unamwona mguu."

Kaanaeli alizijua njia zile za kupanda kutoka Kikatiti wakati wa masika. Hata ng'ombe huteleza, sembuse mwanamke aliyekaribia kujifungua. Na hata kama wangefika salama, mzazi akijifungulia kwa mama yake huwekwa ndani, ananenepeshwa kwa mtori wa ndizi na maziwa mpaka miezi mitatu iishe. Baba mtu angekuja kumwona mwanawe wa kwanza wakati mtoto ameshajifunza kucheka na watu wengine. Kaanaeli alimtaka mwanawe azaliwe hapa, chini ya bati lake. Alitaka asikie kilio cha kwanza kwa masikio yake mwenyewe.

Akasimama, akamwambia kiti kwa sauti ya kiapo, "Kiti, kabla ya Jumamosi, chumba cha nyuma kitakuwa na taa ya umeme."



"Kuku," ikasema ile sauti, "haya tungoje. Mgeni hakatai chakula kabla hakijaiva."

Kaanaeli hakuwa mtu wa kuropoka. Alikuwa akisoma shule ya usiku. Wenzake walipokwenda kucheza bao, yeye alikwenda kukaa kwenye dawati la watoto, magoti yakigonga kidevu, akajifunza hesabu, Kiingereza, na mambo ya sayansi. Muhula ule mwalimu alikuwa amewafundisha umeme. Alichora ubaoni taa moja na swichi moja, akawaonyesha jinsi mkondo unavyotoka kwa waya mmoja, unavyopita ndani ya taa na kurudi kwa waya mwingine, na kwamba barabara ile ikikatwa mahali popote, taa huzimika. Somo la taa mbili lingefuata baada ya Pasaka, lakini mwalimu alikuwa amekwenda kwao likizo na bado hajarudi. Kaanaeli hakuona sababu ya kumngoja. Ajuaye moja hushindwaje na mbili?

Mwenye nyumba alikubali, mradi nyumba isiungue. Kaanaeli alinunua dukani waya uliovikwa mpira, kishikizo cha globu, globu yenyewe, na vibanio vya kushikia waya kwenye mbao. Alhamisi alitoka kazini mapema. Mama Ndesanjo akahamia jikoni, kibanda cha uani, pamoja na kuku wake, ili mkwe apate kuingia chumba cha nyuma bila kuvunja adabu. Lerionka aliitwa ashike meza isitikisike.

"Shikamoo, mama," Lerionka alimpigia kelele Mama Ndesanjo kupitia dirishani. "Umemuaga mkwe wako vizuri?"

"Marahaba, baba. Ya nini kumuaga?"

"Anakwenda kushika umeme."

"Nyamaza wewe, shika meza," Kaanaeli alisema. "Nimezima swichi kubwa pale kwenye mita. Saa hii waya huu ni kamba ya kufungia mbuzi tu."

"Basi uguse wewe kwanza, Mmeru. Mbuzi ni wako."

Kaanaeli aligusa, wala hakufa. Akakaa juu ya meza na bisibisi mkononi, akafikiri. Hapa ndipo lilipokuwa jambo zito, na jambo lenyewe halikuwa la bisibisi.

Baba yake Kaanaeli alikuwa mzee wa mfereji. Ndiye aliyegawa maji yanayoshuka kutoka mlimani na kuingia mashambani, na Kaanaeli alikulia kwenye kingo za mfereji ule, akiona maji yakifunguliwa na kufungwa. Mwalimu aliposema kwamba umeme hutembea ndani ya waya, darasa zima lilikuna vichwa isipokuwa yeye. Kwake umeme ulikuwa maji ya mfereji, na swichi ilikuwa lile tope na jiwe la kuzibia mlango wa maji. Sasa, mfereji una adabu yake. Shamba la mkubwa liko juu, la mdogo liko chini. Maji humpitia mkubwa kwanza. Akishatosheka, yanayobaki ndiyo humshukia mdogo. Mdogo akikinga maji kabla ya mkubwa, huyo hana malezi.

Na hii taa ya mbele, ilikuwa ya nani? Yake Kaanaeli. Na ya nyuma? Ya mama mkwe. Je, yeye kijana anywe kwanza, kisha ampe mama wa mkewe makombo?

"Haiwezekani," alisema kwa sauti.

"Nini?" Lerionka aliuliza. "Imekushika?"

"Waya ukitoka kwenye swichi utakwenda kwanza chumba cha nyuma. Utapita ndani ya taa ya mama mkwe. Ukitoka ndani ya taa yake, ndipo utakuja kwenye yangu, na kutoka kwangu utarudi ulikotoka. Yeye mwanga kamili, mimi utakaobaki. Taa yangu ikififia kidogo, si kitu. Watu watajua ni adabu."

"Na sisi tunaosomewa barua?"

"Mtasogea karibu."

Wakafanya kazi mpaka jua likakaribia kuzama. Kaanaeli alipigilia vibanio kimoja baada ya kingine, waya ukanyooka juu ya mbao kama mstari wa daftari. Alikaza kila skrubu ya kishikizo, akaupima waya kwa kuuvuta. Mama Ndesanjo akarudishwa chumbani, Tabea akasimama kwenye pazia, nusu huku na nusu kule, awe shahidi wa vyumba vyote viwili. Kaanaeli akafungua swichi kubwa, akaja mbele, akafuta vidole kwenye suruali, akakohoa, akabonyeza.

Tak.

Ndani ya globu ya mbele palikuwa na kauzi kekundu, kama kaa la jana linalopulizwa na mtu mvivu.

"Na huko nyuma?" Kaanaeli aliuliza.

Tabea alitazama. "Huku pia ipo," alisema kwa upole wa mke mwema. "Ukiitazama sana, unaona kwamba ipo."

"Kuku wangu," ikaja sauti, "laiti ungekuwa na mikono. Ungetuwashia koroboi tuitafute hiyo taa."

Lerionka alikuwa amejizuia mpaka machozi yakamtoka. "Jirani, kwani hizi taa umezibatiza? Tazama, zote mbili zimeinamisha vichwa kama Walutheri kwenye sala ya toba!"

Kaanaeli alibadilisha globu, ya mbele akaipeleka nyuma na ya nyuma akaileta mbele. Alikaza skrubu upya. Wapi! Kilichomuuma zaidi si kwamba taa yake ilikuwa imefifia. Hilo alikuwa amejiandalia. Kilichomuuma ni kwamba zilikuwa sawa kabisa. Umeme ulikuwa umepita kwa mkubwa kwanza kama alivyoupangia, wala haukumjua mkubwa wala mdogo. Umeme haukulelewa na mtu. Jioni ile hakuna barua iliyosomwa, na Lerionka aliondoka na kigoda chake akijigonga mlangoni kwa giza.

Asubuhi ya Ijumaa mvua ilikuwa ikinyesha. Kaanaeli alikunywa chai bila kuisikia ladha, maana nyuma ya pazia palisikika sauti ya mtu anayefunga mzigo. Kanga zilikunjwa, kapu likakokotwa sakafuni. Naye Mama Ndesanjo alikuwa akimpa kuku wake habari.

"Usimcheke, kuku. Kijana ana moyo mwema. Wengine wangeniletea mshumaa wakaniambia nishukuru. Lakini taa hii ya kungojeana mimi naijua tangu zamani. Mume wangu alipofariki, shamba langu lilikuwa chini ya shamba la shemeji yangu. Nikaambiwa, wewe ngoja, maji yapite kwake kwanza, ndiyo adabu. Nikangoja. Yaliponifikia yalikuwa ya kunawishia miguu ya bata. Na yeye je? Alineemeka? Wala! Kila akifungua ananionea huruma anaziba nusu, kila akiziba anajionea huruma anafungua nusu. Migomba yake manjano, na yangu manjano. Tulikauka pamoja kwa heshima."

"Ikawaje, mama?" Tabea aliuliza, ingawa hadithi hii alikuwa ameisikia tangu ananyonya.

"Siongei na wewe. Kuku, ikawaje? Akaja mzee wa mfereji, baba wa kijana huyu huyu, na jembe begani. Akatazama migomba yangu, akatazama ya shemeji. Akasema, adabu ni ya watu, maji hayana macho. Mwanamke huyu achimbiwe mlango wake mwenyewe, huko juu kwenye mfereji mkubwa, kabla maji hayajaingia shamba la mtu yeyote. Tangu siku ile shemeji alipata yake na mimi nikapata yangu, na mikungu yangu ya ndizi ilikuwa mizito mpaka ikaangusha migomba. Basi. Tuondoke, kuku. Kwenye karabai hakuna foleni."

Kikombe cha Kaanaeli kilikuwa kimesimama hewani, katikati ya meza na mdomo.

Siku ile aliikumbuka. Aliukumbuka udongo mweusi ukirushwa, na maji yakigawanyika mara mbili pale juu, huku na huku, na kila upande ukitoka na nguvu zake. Akaitazama taa, akautazama waya wake ulionyooka kama mstari wa daftari. Kwa miaka yote hiyo alikuwa ameshika adabu ya mfereji na kuisahau hukumu ya baba yake.

Alitua kikombe kwa kishindo. "Kiti!" alisema. "Mwambie kuku asikaze kamba ya mzigo. Nikitoka kazini leo, nataka chumba cha nyuma kiwe kitupu."

"Kuku," ikajibu sauti, "lori ni kesho, si leo. Hatuna haraka."

Jioni ile Lerionka alishika meza tena, safari hii amevaa kofia yake ya kwenda kanisani. Alisema kwamba kama ni ibada ya pili ya toba, afadhali awe amejiandaa. Kaanaeli hakumsikia. Alizima swichi kubwa, akapanda, akafungua kila alichokuwa amekifunga Alhamisi. Waya wa kutoka kwenye swichi aliurudisha kwenye taa ya mbele kama ulivyokuwa mwanzo. Kisha hapo hapo, kabla umeme haujaingia ndani ya taa, akaunganisha waya mpya wa kwenda chumba cha nyuma, mlango wa pili juu kwenye mfereji mkubwa. Na waya wa kurudi akaufanyia vivyo hivyo: taa ya nyuma ikapewa njia yake ya kurudishia umeme, isipite tena ndani ya taa ya mtu mwingine. Akafunika viungo vizuri kwa utepe mweusi, akavikagua, akavikagua tena.

"Mkubwa nani sasa?" Lerionka aliuliza.

"Hakuna mkubwa. Kila mtu na mlango wake."

Watu wakakaa mahali pao kama jana. Kaanaeli akafuta vidole.

Tak!

Tabea alipiga kigelegele kabla hajakumbuka hali yake. Chumba cha mbele kiliwaka kama zamani, na kupitia nyuzi za pazia mwanga mwingine ulichomoza kukutana nao. Kaanaeli alingoja. Akamtazama Lerionka, Lerionka akamtazama yeye.

"Kuku!" hatimaye sauti ililipuka. "Tazama utando wa buibui ule! Na hiyo pembe! Mungu wangu, Tabea, mwanangu, umekuwa ukilala chini ya mavumbi haya? Lete ufagio!"

Na ufagio ukaanza kazi. Ulifagia dari, ukafagia kuta, ukafagia chini ya kitanda, vumbi likatoka chini ya pazia kama moshi wa treni. Kaanaeli akaketi, akakunja nne, akatabasamu peke yake.

"Kiti," aliuliza kwa utaratibu, "kuna habari gani ya ule mzigo?"

"Kuku, mwambie kiti mzigo umefunguliwa siku nyingi. Kanga yangu moja ndiyo hii ninayofutia dirisha."

Lilibaki jambo moja dogo. Swichi ilikuwa ile ile moja. Kaanaeli alipoizima ili alale, chumba cha nyuma nacho kikazama gizani, na pakawa na ghadhabu. "Kuku! Nani amenizimia jua na mimi nina sindano mdomoni?" Akawasha. Baadaye sauti ikasema, "Kuku, sasa tumemaliza," naye akazima. Ikawa ndiyo sheria ya nyumba: swichi haiguswi mpaka kuku aambiwe.

Lori la Jumamosi likaenda zake Moshi.

Jumapili, baada ya ibada, mawingu yalishuka kutoka Mlima Meru na kuulalia mji mzima. Mchana ukawa kama magharibi. Tabea aliweka chini sahani aliyokuwa akiiosha, akamwita mama yake kwa sauti ndogo, na Mama Ndesanjo akamwingiza ndani. Pazia likafungwa kwa pini.

Kaanaeli aliwasha taa. Akaketi. Akasimama. Akaketi tena. Lerionka alikuja amelowa, na kigoda chake, akakaa karibu naye bila utani, na hapo Kaanaeli akajua kwamba mambo ni mazito kweli. Nyuma ya pazia Tabea aliguna, na mama yake akamwambia maneno ya Kimeru ya polepole, yale yale ambayo huenda aliwaambia wanawake wote wa milimani. Ndipo mvua ikaanza. Ilipiga bati hata usiweze kusikia mawazo yako, na radi ikapasuka juu ya Kaloleni.

Lerionka aliruka. Alivua koti lake, akafunika nalo kioo cha kunyolea kilichokuwa ukutani.

"Radi inapenda kinachong'aa," alisema. "Mama yangu alinifundisha hivyo. Funika vyote."

"Hayo si ya kisayansi," Kaanaeli alisema, meno yakigongana.

"Na hiyo taa? Inang'aa kuliko kioo! Zima, Mmeru! Unataka iwafuate mke na mtoto?"

Siku nyingine Kaanaeli angempa somo zima. Lakini mtu anayengoja mtoto wake wa kwanza, akili yake huwa imetoka nje kunyeshewa mvua. Radi ilipiga tena, karibu, mabati yakatetemeka, na mkono wake ukaenda wenyewe.

Tak.

Giza.

"KAANAELI!"

Sauti ile iliishinda mvua, ikaishinda na radi. "Kaanaeli, washa taa! Kichwa cha mtoto kimo mkononi mwangu! Washa, Kaanaeli, au nakuja kuiwasha mwenyewe!"

Aliwasha kabla neno la mwisho halijamfikia. Kisha akaupa ukuta mgongo, akaifunika swichi kwa mwili wake wote, mikono ameitanua kama kipa wa mpira, akamtazama Lerionka kwa macho ya kuua. Lerionka alirudi nyuma mpaka mlangoni.

Wakakaa hivyo. Mvua ikapungua kidogo, na ndani ya upungufu ule kikaja kilio chembamba, chenye hasira, kilichopanda mpaka kwenye bati.

Kaanaeli alikisikia kwa masikio yake mwenyewe.

"Amekutaja jina," Lerionka alinong'ona.

"Kaa kimya."

"Mama mkwe wako amekutaja jina, na si mara moja."

"Kaa kimya, Mwarusha, namsikiliza mwanangu."

Kitambo kikapita, maji yakamwagwa, vitambaa vikakung'utwa. Kisha Mama Ndesanjo alisema kwa sauti ya kuchoka na ya furaha, "Kuku, mwambie kiti kwamba ni msichana. Amekamilika vyote. Na mapafu amechukua ya kwetu."

Mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, kwa hiyo halikuwa jambo la kushauriana. Aliitwa Ruth. Jioni ile ile Lerionka alimchinja kuku mwekundu, na yule aliyebeba maneno ya nyumba nzima kwa wiki nzima akamaliza utumishi wake katika sufuria. Tabea alikunywa supu, akalala usingizi mzito, mtoto ubavuni.

Swichi haikuguswa. Kaanaeli alingoja kuambiwa, na hakuambiwa. Aliegemea kiti, mkono mmoja karibu na ukuta kama askari wa zamu, mpaka usingizi ukamchukua huku mwanga umejaa vyumba vyote viwili.

Alipoamka, mlango ulikuwa na mistari ya mwanga wa nje. Mvua ilikuwa imekatika, majogoo wa Kaloleni walikuwa wakishindana kuwika, na kwa mpenyo wa dirisha Mlima Meru ulionekana wote, umeoshwa, karibu kiasi cha kuugusa. Juu ya kichwa chake taa ilikuwa bado inawaka bila faida.

Nyuma ya pazia mtu alikohoa.

Kaanaeli akakaa sawa, akangoja. Mtu akakohoa tena. Ndipo akatambua shida iliyokuwa kule nyuma: Tabea alikuwa amelala, mtoto alikuwa na siku moja, na kuku hakuwapo.

"Wewe sufuria," sauti ilianza, kisha ikakatika. Ulimi ukapigwa kwa kuchukizwa. Mtu wa umri ule, mkunga wa mlima mzima, azungumze na sufuria! Chumba cha jirani, Lerionka alisikika akicheka ndani ya blanketi lake.

Nyuma ya pazia mtu akakohoa mara ya tatu.

"Baba Ruth," Mama Ndesanjo alisema.

Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo. Kaanaeli alisimama kana kwamba jina lake limeitwa mbele ya usharika wote.

"Naam, mama."

"Kumekucha. Zima taa, mtoto anakunja macho."

"Ndiyo, mama."

Akafuta vidole vyake kwenye suruali, akabonyeza taratibu ili isipige kelele.